Redio Mpya, Spika Mpya, Sauti Bado Mbovu: Jinsi ya Kulisaka Tatizo la Muziki wa Gari

Magari mengi yanayoletwa kwangu kwa shida ya muziki huwa na redio nzima na spika nzima. Ubovu uko katikati yake, kwenye nyaya. Mwenye gari anakuwa ameshabadilisha redio mara mbili, amenunua spika za milango yote minne, na mlio uleule bado upo. Ananiambia, "Fundi, nitafutie redio nyingine, hii ni feki." Namjibu, "Bosi, tupime kwanza." Mara nyingi kazi inaishia kwenye waya wa futi moja na bolti moja iliyokwanguliwa rangi.

Kwa hiyo hapa tutaanzia kwenye dalili, yaani kile unachokisikia au kukiona, kisha turudi nyuma hadi kwenye chanzo. Nitazungumzia zaidi Toyota zilizotoka Japani, kina IST, Vitz, Premio, Noah na Aqua, kwa kuwa ndizo zilizojaa barabarani kwetu. Ukiwa na Nissan au Subaru rangi za nyaya zitabadilika, lakini njia ya kufikiri ni hiyohiyo.

Unahitaji mita ya dijitali, hata ile ya bei ndogo, betri moja ya saa ya ukutani ya volti 1.5, bisibisi, na kipande cha plastiki cha kubandulia dashibodi bila kuikwaruza. Testa ya balbu iache. Inakuambia umeme upo, haikuambii ni volti ngapi, na shida nyingi za redio zimejificha kwenye volti 2 au 3 zilizopotea njiani.

Kabla ya kubandua chochote, fungua waya wa hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90, kwa sababu karibu na hapo pana mfuko wa hewa (airbag) ambao hupaswi kuuchokoza. Kwenye Aqua, Prius na haibridi nyingine, nyaya nene za rangi ya chungwa usiziguse kabisa. Hizo ni za umeme mkubwa na hazihusiani na muziki. Kuna jambo moja zaidi, na limewaliza wengi. Baadhi ya redio za navigesheni zilizofungwa Japani hujifunga zikikosa umeme. Ukirudisha betri, kioo kinakuonyesha maandishi ya Kijapani na namba ya ERC, kinadai namba ya siri. Kama bado unaitaka redio hiyo, hakikisha kwanza kuna mtu wa kukupatia namba ya kuifungua, ndipo uguse betri. Na kama ina kadi ya SD ya ramani, usiichomoe ili utilie nyimbo. Redio nyingi za aina hiyo zikiikosa kadi yake zinabaki kwenye ukurasa wa kuidai.

Rangi zinazodanganya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo redio nyingi zinapofia.

Redio za dukani karibu zote hufuata mpangilio mmoja. Njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme unaokuja ukiwasha swichi, nyeusi ni ethi (waya wa kurudishia umeme kwenye bodi la gari), bluu ni wa antena, na bluu yenye mstari mweupe ni wa kuamshia amplifaya. Spika za mbele ni nyeupe kwa kushoto na kijivu kwa kulia. Za nyuma ni kijani kwa kushoto na zambarau kwa kulia. Kila rangi ya spika ina mwenzake mwenye mstari mweusi, huyo ndiye hasi.

Toyota ina rangi zake. Kwenye soketi kubwa ya pini 10, umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, umeme wa swichi ni kijivu, ethi ni kahawia, na kijani ni wa taa za dashibodi. Spika ya mbele kulia ni kijani mpauko kwa chanya na bluu kwa hasi. Ya mbele kushoto ni pinki kwa chanya na zambarau kwa hasi. Kwenye soketi ndogo ya pini 6, spika ya nyuma kulia ni nyekundu na nyeupe, ya nyuma kushoto ni nyeusi na njano.

Sasa ziweke sambamba. Nyekundu, nyeusi na njano za soketi ndogo ya Toyota, rangi ambazo kila mtu anazijua kuwa za umeme, zote ni za spika. Mtu aliyezoea rangi za dukani anaunga nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, redio inabaki kimya, anahitimisha kuwa ni mbovu. Kijivu ndicho kibaya zaidi. Kwenye redio mpya ni chanya ya spika ya mbele kulia, kwenye Toyota ni volti 12 za swichi. Ukiunga kijivu kwa kijivu, siku utakapowasha swichi unamwaga volti 12 kwenye mdomo wa chipu inayotoa sauti, na chipu hiyo hairudi.

Nunua soketi ya kuunganishia ya Toyota. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na redio, na upande mmoja unachomeka kwenye gari bila kukata waya hata mmoja. Kama aliyekutangulia alishakata soketi ya gari, sahau rangi na upime. Waya wenye volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni ndio wa kudumu. Unaopata volti 12 swichi ikifika ACC (hatua ya kuwasha redio bila injini) na kuzipoteza ukiizima ndio wa swichi. Nyaya mbili zinazosoma ukinzani wa kati ya omu 3 na 4 baina yake ni za spika moja, na ukizigusisha kidogo kwenye betri ya saa utasikia spika hiyo ikikoroma, utaijua ni ya mlango upi.

Redio haiwaki kabisa

Fyuzi ziko mbili: ya gari kwenye boksi lake, na ndogo nyuma ya redio yenyewe, mara nyingi ampea 10 au 15. Pima zote, usitazame kwa macho tu, maana fyuzi inaweza kuonekana nzima na ndani imekatika nywele.

Zikiwa nzima, pima volti nyuma ya soketi redio ikiwa imechomekwa. Hili ni la muhimu. Waya uliooza au uliosokotwa ovyo na kufungwa tepu huonyesha volti 12 kamili usipokuwa na mzigo. Redio ikidai ampea 3 zinashuka hadi 7. Ukiichomoa redio ndipo upime, utaambiwa kila kitu kiko sawa. Betri nzima injini ikiwa imezimwa husoma kati ya 12.4 na 12.7, na injini ikiwaka kati ya 13.8 na 14.4. Kwenye redio usikubali kupoteza zaidi ya nusu volti.

Kisha pima ethi, ambayo watu wengi huiruka. Mkono mmoja wa mita kwenye waya mweusi wa redio, mwingine kwenye nguzo ya hasi ya betri, redio ikipiga. Isome chini ya volti 0.1. Ikisoma volti 1, ethi hiyo haifai.

Kuna Noah niliyoletewa, redio ilikuwa inazimika kila mwenyewe akiwasha taa usiku. Alikotoka walishambadilishia redio, na ile mpya nayo ikawa hivyohivyo. Aliyeifunga alihitaji ethi, akapima waya wa kijani, mita ikamwambia upo kwenye bodi, akaunga. Mita haikumdanganya. Taa zikiwa zimezimwa, waya ule hufika kwenye bodi kwa kupitia balbu ndogo za maegesho, kwa hiyo redio ilipata njia ya kurudishia umeme. Taa zikiwashwa, waya uleule unapata volti 12, redio inakuwa na volti 12 pande zote mbili, inakufa. Tuliuhamishia mweusi kwenye kahawia, basi. Redio ya kwanza, aliyokuwa ameitupa stoo, iliwaka vizuri.

Inawaka, lakini ukizima gari inasahau kila kitu

Njano na nyekundu zimebadilishana, au njano imeungwa kwenye umeme wa swichi. Wako wanaotibu kwa kuziunga njano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa kudumu. Redio itakumbuka, lakini haitazimika pamoja na gari, na asubuhi moja utasukumwa na majirani. Zipe kila mmoja njia yake. Kwenye baadhi ya magari mapya ya Ulaya waya wa swichi haupo kabisa kwenye soketi ya redio, taarifa hiyo inasafiri kwa mtandao wa kompyuta ya gari. Hapo unahitaji kile kiboksi cha CAN kinachouzwa pamoja na redio ya gari hilo.

Inawaka, namba zinakimbia, sauti hakuna

Angalia kwanza balansi (mgawanyo wa sauti kushoto na kulia) na feda (wa mbele na nyuma), nimeshawahi kubandua dashibodi nzima kumbe sauti yote ilipelekwa nyuma, na nyuma hakuna spika.

Baada ya hapo zichomoe spika kwenye redio na uzipime moja moja. Spika ya omu 4 husoma kati ya 3.2 na 3.8 kwenye mita. Isiposoma chochote, koili imeungua au waya umekatika. Ikisoma sifuri, nyaya zimegusana. Kisha pima kila waya wa spika na bodi ya gari: pasisome kitu kabisa. Kukiwa na njia yoyote kuelekea kwenye bodi, redio inajilinda kwa kunyamaza, na ikiendelea kulazimishwa inaungua.

Sababu ni kwamba kwenye redio hizi hasi ya spika si ethi. Chipu inasukuma nyaya zote mbili, kila mmoja ukiwa umekaa karibu volti 6, mmoja ukipanda mwingine unashuka. Kuunga hasi ya spika kwenye bodi ili kuokoa waya, kama ilivyofanywa kwenye redio za zamani sana, ni kuipiga shoti. Kwenye spika mpya za mlango, mkosaji ninayemkuta mara nyingi ni kile kiguu cha kuungia waya: ni kirefu kuliko cha spika ya zamani, kinagusa bati la mlango. Skrubu iliyopita katikati ya waya inakuja nafasi ya pili.

Kama spika za gari lako zina nembo ya JBL au Bose, jua kuwa kuna amplifaya ya kiwandani imefichwa mahali, na haiamki mpaka iamrishwe. Redio mpya lazima iipelekee umeme kwa ule waya wa bluu wenye mstari mweupe. Na usikimbilie kubadilisha spika moja moja kwenye mfumo huo, kwa kuwa spika zake nyingi zina omu chini ya 4 na amplifaya imepangwa kwa ajili yake. Ukiweka spika za omu 4, sauti itapungua na utadhani umeuziwa mbovu.

Sauti inakata ukifunga mlango au ukipita kwenye tuta

Ikikata kwa mlango, nenda kwenye ule mpira wenye mikunjo kati ya mlango na nguzo ya gari. Nyaya zilizomo ndani yake zimepinda maelfu ya mara, na waya wa shaba hukatika ndani huku ganda likiwa zima. Uvute waya taratibu, ukirefuka kama mpira, ndani hakuna kitu. Badilisha kipande hicho kwa waya laini wenye nyuzi nyingi, na maungio yakae nje ya mkunjo. Ikikata kwa tuta tu, tafuta maungio ya kusokota nyuma ya redio. Tepu nyeusi kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa huyeyuka gundi yake ndani ya miezi michache, nyaya zinabaki uchi. Mimi nalehemu kwa risasi na kuvisha mpira wa kusinyaa kwa moto. Anayetumia vibanio vya kukaza kwa koleo sahihi naye hajakosea.

Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta

Huu ndio unaowatesa watu kuliko yote, hasa wakishaongeza amplifaya na sabufa. Unaanza kama nzi ukiwa umesimama, ukikanyaga mafuta unapanda kama filimbi, ukiachia unashuka. Ni altaneta, lakini altaneta mara nyingi ni nzima. Kilichotokea ni kwamba redio na amplifaya zina ethi mbili zisizolingana, na tofauti hiyo ndogo inapita kwenye waya wa sauti, inaingia kwenye amplifaya, inakuzwa pamoja na wimbo.

Usinunue kichujio cha kelele bado. Kinaweza kuufifisha mluzi na kuuacha ugonjwa. Fuata njia hii.

Zima injini, acha swichi kwenye ACC. Mluzi ukibaki vilevile, si altaneta, pengine ni chaja ya simu ya kwenye kiwashio cha sigara, ichomoe. Mluzi ukipotea, washa injini tena uende kwenye amplifaya. Zima muziki, chomoa nyaya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, kwenye amplifaya, washa. Mluzi ukiendelea bila RCA, tatizo liko kwenye umeme au ethi ya amplifaya yenyewe. Ukinyamaza, unaingia kupitia RCA. Sasa chukua simu ambayo haiko kwenye chaja, iunge kwenye RCA za amplifaya kwa waya wa kichwa cha milimita 3.5, piga wimbo. Ikiwa safi, amplifaya haina kosa. Rudi kwenye redio na njia ya waya.

Ethi ya amplifaya iwe fupi, isiyozidi nusu mita, nene kama waya wa chanya, na imefungwa kwenye bati la bodi lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae. Bolti ya mkanda wa kiti inavutia kwa sababu ni nene, lakini iache. Ile ni ya kuokoa maisha, na mara nyingi ina gundi na rangi zinazozuia umeme. Ukimaliza, pima kati ya ethi hiyo na nguzo ya hasi ya betri muziki ukiwa juu. Zaidi ya nusu volti, haijakubali.

Waya wa umeme wa amplifaya upite upande mmoja wa gari, RCA zipite upande wa pili. Zikilazimika kukutana, zikatize kama msalaba, zisilale pamoja. Nimekuta gari ambalo zote zimefungwa kwa kibano kimoja kutoka mbele mpaka buti, kazi nadhifu kuitazama, na mluzi wa kutosha kuamsha mtaa.

Kuna kesi moja ya kipekee. Mtu akichomoa na kuchomeka RCA muziki ukiwa umewashwa, kwenye baadhi ya redio njia ndogo sana ya ethi ya RCA hukatika ndani ya redio. Baada ya hapo mluzi unakuwa mkali na hauondoki kwa lolote ulilofanya. Chukua kipande cha waya, gusisha pete ya nje ya RCA na bati la nyuma la redio. Mluzi ukitoweka hapohapo, umeshampata. Waya huohuo ukifungwa vizuri ni tiba.

Na kama mluzi unakuja tu simu ikiwa kwenye chaja na kwenye AUX (tundu la redio la waya wa sauti) kwa pamoja, ni mzunguko wa ethi kati ya chaja na redio. Tumia Bluetooth, au kile kitenganishi kidogo cha AUX chenye transfoma ndani.

Spika mpya, lakini besi imepotea

Sogeza balansi kushoto kabisa, usikilize besi. Sogeza kulia, usikilize. Rudisha katikati. Besi ikiwepo kila upande peke yake na kupotea katikati, spika moja imeungwa chanya kwa hasi: moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, zinafutana. Uhakika utaupata kwa betri ya saa. Gusisha chanya ya betri kwenye chanya ya spika kwa sekunde moja. Koni itoke nje. Ikiingia ndani, imegeuzwa. Kwenye twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) kipimo hiki hakifai, kwa kuwa kapasita yake inazuia umeme wa betri.

Kama nyaya ziko sawa, tazama spika ilivyokaa. Kwenye Toyota nyingi spika ya kiwandani imeshindiliwa kwa riveti, na imetengenezwa pamoja na bakuli la plastiki linaloziba tundu lote. Fundi akitoboa riveti na kubandika spika ya sentimita 16 juu ya tundu hilo, inabaki mianya, na hewa ya nyuma ya koni inazunguka kuja kuua ya mbele. Weka pete inayoziba kabisa. Pete za mbao laini ya kusagwa zinavimba zikipata maji, na mlango wa gari ndani hupata maji kila mvua. Nunua za plastiki, au kama ni mbao ipake rangi ya mafuta pande zote. Kabla ya kukaza skrubu, shusha kioo mpaka chini, maana sumaku ya spika mpya inaweza kuwa ndefu ikakipiga. Na ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli ya mlango irudishe ilivyokuwa. Ukiitupa, masika yakifika zulia litakuwa linalowa na hutajua maji yanatoka wapi.

Sauti inapasuka ukiongeza

Boksi limeandikwa wati 50 mara 4. Tufanye hesabu. Gari linatoa volti 14.4, na redio isiyo na kipandisha volti haiwezi kupita hapo. Kilele cha volti 14.4 ni sawa na volti 10 hivi za wastani unaofanya kazi, na kwenye spika ya omu 4 hiyo ni wati 26 hata kama hakuna kinachopotea. Kiuhalisia unapata karibu 20 zilizo safi. Kilichozidi hapo ni mawimbi yaliyokatwa vichwa, ndiyo yale makwaruzo, na ndiyo yanayochoma twita.

Kwa hiyo spika iliyoandikwa wati 300 haitapiga zaidi kwa kuwekwa kwenye redio hii. Tazama unyeti wake, ile namba ya desibeli: spika ya 92 itasikika kubwa kuliko ya 88 kwa umeme uleule. Kisha ingia kwenye mipangilio ya redio, zima nyongeza zote za besi, na washa kichujio cha HPF, kile kinachozuia besi nzito, kwenye hezi 80 kwa spika za mlango. Utashtuka jinsi sauti inavyosafika, kwa kuwa spika ndogo imeacha kuhangaika na besi isiyoiweza. Besi mpe sabufa.

Stesheni hazishiki

Kama bado una redio ya Japani, haijaharibika. Kule FM ilikuwa inaanzia megahezi 76 hadi 90, na baadaye ikapanuliwa hadi 95; kwetu ni 87.5 hadi 108. Redio ya zamani itaipata Wasafi kwenye 88.9 na kuikosa EFM kwenye 93.7, na Capital FM ya Nairobi ya 98.4 hata redio ya Japani inayofika 95 haiifikii. Kile kiboksi cha kupanulia masafa kinashusha kila kitu kwa kiasi kimoja. Kikiwa cha megahezi 20, Capital utaikuta 78.4. Kinasaidia, ila karibu na minara mikubwa stesheni zinaingiliana. Redio mpya ni suluhisho la kudumu.

Kama redio ni mpya na bado inakoroma hata mjini, umesahau waya wa bluu. Antena fupi za juu ya paa na zile za kwenye kioo mara nyingi zina kikuza mawimbi kinachohitaji volti 12 kutoka kwenye redio. Bila hizo ni fimbo tu.

Amplifaya inawasha taa nyekundu, au taa za gari zinafifia besi ikipiga

Kwa taa nyekundu, chomoa spika zote na RCA, bakiza umeme tu. Ikibaki nyekundu, amplifaya imeungua ndani au ethi ni mbovu. Ikirudi kijani, rudisha kimoja kimoja mpaka uone kinachoiangusha. Mara nyingi ni sabufa mbili za omu 4 zilizoungwa sambamba kuwa omu 2 kwenye amplifaya iliyounganishwa daraja (bridge, chaneli mbili zikisukuma mzigo mmoja), ambayo haikubali chini ya 4.

Kufifia kwa taa ni hesabu. Amplifaya ya daraja la AB ya wati 500 za kweli, ikitumia vizuri nusu tu ya umeme inaopewa na kidogo zaidi, inavuta karibu ampea 65. Waya mwembamba wa kwenye pakiti ya bei poa haubebi huo. Tumia shaba ya namba 4, kama milimita 21 za mraba, si alumini iliyopakwa rangi ya shaba, na fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Fyuzi hiyo inalinda gari lisiungue waya ukikwanguka. Kwenye haibridi betri ya volti 12 ni ndogo na hakuna altaneta, kuna kibadilisha umeme. Sabufa kubwa kwenye Aqua siishauri.

Kamera ya nyuma imekufa, vitufe vya usukani havijibu

Kamera nyingi za kiwandani za Toyota hutumia volti 6. Ukiipa 12 inaungua, na haitengenezeki. Weka kipunguza volti. Vitufe vya usukani vinafanya kazi kwa ukinzani tofauti kwenye waya mmoja au miwili. Unganisha na waya wa KEY wa redio, unganisha na ethi yake, kisha ingia kwenye mipangilio uifundishe redio kitufe kimoja kimoja.

Gari halistati asubuhi

Funga milango. Weka mita kwenye ampea 10, ipitishe kati ya nguzo ya hasi na waya wake bila kustati gari, kisha subiri nusu saa kompyuta za gari zilale ndipo usome. Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Ikisoma 300 au zaidi, washukiwa ni amplifaya iliyoamshwa kutoka umeme wa kudumu, na redio ya Android iliyowekwa kulala badala ya kuzimika. Kwenye mipangilio yake ipunguzie muda wa kulala. Zisipokuwa hizo, chomoa fyuzi moja moja huku ukitazama mita, ukianza na ya redio. Ile ambayo ukiichomoa namba inaporomoka ghafla ndiyo yenye waya unaoutafuta.